Texas, California au North Carolina: mtoto wako atashindana na nani kuingia chuo cha umma?

Familia nyingi za Waswahili zilizoko Marekani huamini kwamba mtoto akishakuwa mkazi wa jimbo, kazi imekwisha: ada inashuka na nafasi chuoni inapatikana kwa urahisi. Ada inashuka kweli. Kuhusu nafasi, ukazi unamtoa tu kwenye foleni ya wageni na kumweka kwenye foleni ya wenyeji, na kila jimbo linaipanga foleni hiyo kivyake. Texas inampambanisha mtoto na wanafunzi wa shule yake. California inampambanisha na jimbo zima. North Carolina inawabana kwanza wanaotoka nje, halafu inawapima wenyeji mmoja mmoja. Mtoto mwenye alama zilezile anaweza kupokelewa Austin bila maswali na akakataliwa Los Angeles, au kinyume chake.

Tunalinganisha vyuo vinavyogombewa zaidi katika majimbo hayo matatu: University of Texas (UT) at Austin, University of California, yaani UC (hasa kampasi za Berkeley na Los Angeles, inayoitwa UCLA) na University of North Carolina at Chapel Hill. Georgia tutaipitia kwa ufupi.

| | UT Austin | Berkeley na UCLA | UNC Chapel Hill |
|---|---|---|---|
| Anashindana na nani | Wenzake wa shule moja, mwaka mmoja | Waombaji wa jimbo zima | Waombaji wa jimbo zima. Wa nje hawazidi 18% |
| Nafasi ya moja kwa moja | Ipo: 5% ya juu shuleni | Haipo | Haipo |
| SAT au ACT (mitihani ya kuombea chuo) | Lazima | Haziangaliwi kabisa | Si lazima kwa mwenye GPA (wastani wa alama) ya 2.8 na zaidi |
| Mwisho wa maombi | 15 Oktoba (mapema) au 1 Desemba | 30 Novemba. Ikiangukia wikendi husogea siku moja au mbili | 15 Oktoba (mapema) au 15 Januari |

Texas: unashika namba ngapi?

Mahakama ilikataza vyuo vya Texas kutumia rangi ya mwombaji mwaka 1996, na mwaka uliofuata bunge la jimbo likapitisha sheria rahisi kuliko zote: anayemaliza katika asilimia 10 ya juu ya shule yake anapokelewa chuo chochote cha umma cha jimbo. Austin ikafurika. Mwaka 2009 bunge likairuhusu Austin peke yake kuweka kikomo: wanaoingia kwa namba wasizidi asilimia 75 ya nafasi za wakazi. Tangu hapo kizingiti kinashuka kadiri waombaji wanavyoongezeka. Kwa miaka kadhaa kilikuwa asilimia 6, na kwa wanaoanza masomo vuli ya 2026 kimekuwa 5. Texas A&M ya College Station bado inaheshimu 10.

Piga hesabu. Shule yenye wanafunzi 400 wa gredi ya 12: asilimia 10 ni watu 40, asilimia 6 ni 24, asilimia 5 ni 20. Mtoto aliyeshika namba 22 angeingia Austin moja kwa moja chini ya kizingiti cha zamani. Sasa anaingizwa kwenye rundo la waombaji wanaopimwa kwa SAT, insha na shughuli zao, kugombea robo iliyobaki ya nafasi za wakazi. Chuo hicho kimeshapokea maombi zaidi ya 90,000 kwa mwaka mmoja, kwa hiyo anayebaki nje ya kizingiti asijifariji kwamba amekosa kwa namba mbili tu. Amehamia mashindano mengine kabisa, na yana ukali wake.

Uzuri wa mfumo huu ni kwamba hauangalii shule ni ya wapi. Mtoto anayesoma shule ya kawaida ya Houston au Fort Worth, ambako wachache ndio wanaochukua masomo ya AP (ya kiwango cha chuo), anashindana na hao hao wachache. Ndiyo maana tunaona ajabu familia inapojikamua kununua nyumba Katy au Plano "kwa ajili ya shule nzuri", wakati lengo lenyewe ni Austin. Shule itakuwa nzuri, lakini mtoto aliyekuwa wa 8 atakuwa wa 90.

Mambo manne ndiyo huharibu safari hii.

La kwanza ni jinsi namba inavyopatikana. Wilaya nyingi hutumia GPA yenye uzito: B ya somo la AP inaweza kuzidi A ya somo la kawaida, na kila wilaya ina kanuni yake. Mtoto anayetoka Kenya au Kongo akiwa na alama za kidato cha kwanza na cha pili, uamuzi wa kama alama hizo zitaingia kwenye hesabu ya namba ni wa wilaya. Uliza wiki ya kwanza, na uombe jibu kwa maandishi.

La pili halijulikani na wengi: namba peke yake haitoshi. Sheria inamtaka mwanafunzi amalize mpango unaoitwa Distinguished Level of Achievement, wenye miaka minne ya hisabati ikiwemo Algebra II, miaka minne ya sayansi, na mchepuo mmoja wa masomo. (Kuna njia mbadala ya kufikia viwango fulani vya SAT au ACT.) Baada ya gredi ya 10, mzazi anaweza kutia saini fomu ya kumruhusu mtoto amalize bila mchepuo. Fomu hiyo huletwa kama kitu cha kumpunguzia mtoto mzigo, na mzazi ambaye Kiingereza chake bado ni cha kubahatisha husaini. Akishasaini, mtoto anaweza kuwa wa 3 katika shule nzima na bado akakosa haki ya kuingia moja kwa moja.

La tatu: namba inampa chuo, haimpi kozi. Uhandisi, biashara na sayansi ya kompyuta huchagua wenyewe kwa vigezo vyao, na mtoto aliyeomba uhandisi anaweza kupokelewa Austin akapangiwa kozi nyingine. Chaguo la pili kwenye fomu lisijazwe kama mapambo.

La nne ni tarehe. Namba inayotumika ni ya mwisho wa gredi ya 11, na ombi lazima likamilike kwa wakati kama la mtu mwingine yeyote, insha ikiwemo.

Mkazi anayekataliwa huweza kupewa mpango wa CAP: anaanza kwenye kampasi nyingine ya mfumo wa UT, akikamilisha krediti 30 kwa GPA ya 3.2 anahamia Austin, kwa kawaida kitivo cha sanaa na sayansi za jamii. Kwa anayetaka uhandisi, hiyo si njia. Kwa anayetaka masomo ya kitivo hicho, ni njia nzuri kuliko inavyosemwa.

California: jimbo zima kwenye mizani moja

University of California ina kampasi 9 za shahada ya kwanza na fomu moja ya maombi. Unachagua kampasi unazotaka na kulipa dola 80 kwa kila moja. Familia ya kipato cha chini husamehewa hadi kampasi nne. Kwa kawaida barua za walimu haziombwi, usaili hakuna, na tangu 2021 SAT na ACT haziangaliwi hata ukizituma. Kinachobaki ni masomo uliyochukua, alama, shughuli zako, na majibu manne ya maneno yasiyozidi 350 kila moja, utakayochagua kati ya maswali 8. Vigezo vikishapungua hivyo, kila kilichobaki huwa kizito.

Sharti la kuomba ni masomo 15 yanayoitwa A-G: historia 2, Kiingereza 4, hisabati 3, sayansi 2, lugha isiyo Kiingereza 2, sanaa 1 na la kuchagua 1. Kumi na moja yawe yamekwisha kabla ya gredi ya 12. Mkazi anahitaji GPA ya 3.0, na D haihesabiki. GPA hiyo huchukua gredi ya 10 na 11 pamoja na likizo zake, na alama za nyongeza za AP zina ukomo wa semesta 8. Kwa hiyo AP ya kumi haipandishi GPA ya UC hata kidogo, ingawa msomaji wa faili ataiona.

Kwenye kipengele cha lugha, Watanzania wana faida wasiyoitumia. UC hukubali miaka miwili ya shule, kuanzia ngazi ya darasa la sita kwenda juu, iliyosomwa kwa lugha isiyo Kiingereza. Mtoto aliyemaliza darasa la sita na la saba katika shule ya msingi ya serikali Tanzania, inayofundisha kwa Kiswahili, anatimiza maelezo hayo na ana nafasi ya kuchukua sayansi ya ziada badala ya Kihispania cha kuanzia. Aliyesoma darasa hizo Kenya kwa Kiingereza hana hoja hiyo. Aliyesoma Lubumbashi kwa Kifaransa anayo. Peleka ripoti za shule kwa mshauri wa masomo, si cheti cha kuzaliwa. Kinachothibitishwa ni lugha ya kufundishia, siyo kabila wala uraia.

Kuna ahadi ya asilimia 9. Mkazi aliye katika asilimia 9 ya juu ya shule yake, au ya jimbo kwa mizani ya UC, anahakikishiwa nafasi ndani ya mfumo. Wazazi husoma hapo wakadhani wameikuta Texas nyingine. Ahadi ni ya kampasi yenye nafasi, na mara nyingi hiyo imekuwa Merced. UCLA hupata maombi zaidi ya 140,000 ya mwaka wa kwanza na kupokea takriban 9 katika kila 100. Berkeley ni zaidi kidogo ya hapo. Mwaka 2021 jimbo liliamua kwamba Berkeley, UCLA na San Diego zipunguze wanafunzi wa nje hadi asilimia 18, kwa hatua, ili wakazi waongezeke. Imesaidia, ila ukubwa wa jimbo unameza nafasi hizo haraka.

Kosa linaloumiza zaidi California hutokea baada ya barua ya kukubaliwa. Wakati wa kuomba, mwanafunzi hujaza alama mwenyewe bila kutuma transkripti (ripoti rasmi ya alama). Chuo huiona transkripti ya mwisho mwezi Julai, na isipolingana na fomu nafasi hufutwa. Wanaokumbwa zaidi ni waliosoma shule mbili au nchi mbili na kuacha nje muhula wenye alama mbaya, na waliopata D muhula wa mwisho wakanyamaza. Ukiacha somo au ukiporomoka gredi ya 12, iandikie kampasi mapema. Kampasi iliyoarifiwa mapema huwa na la kufanya.

Kama mlango wa mbele ni mwembamba, wa nyuma California ni mpana kuliko wa jimbo lingine lolote tulilolitaja. Anayemaliza miaka miwili chuo cha jamii (community college) anaweza kupata mkataba wa TAG, wa kuhakikishiwa nafasi katika kampasi moja kati ya sita: Davis, Irvine, Merced, Riverside, Santa Barbara au Santa Cruz. Fomu hufunguliwa tarehe 1 hadi 30 Septemba, kiwango cha GPA hutofautiana, na baadhi ya kozi hazimo. Berkeley, UCLA na San Diego hazitoi mkataba huo, lakini UCLA hupokea karibu robo ya wanaoomba kuhamia, ukilinganisha na ule mmoja kati ya kumi na moja wa mwaka wa kwanza. Mtoto aliyefika Marekani akiwa gredi ya 11, Kiingereza bado hakijakaa sawa, asihangaike kupamba gredi mbili. Aende chuo cha jamii aanze na GPA mpya.

North Carolina: wa nje wamebanwa

Tangu 1986 mfumo wa vyuo vya North Carolina una kikomo: wanafunzi wa mwaka wa kwanza wanaotoka nje hawazidi asilimia 18 Chapel Hill, na chuo kikizidisha hukatwa fedha. Matokeo yake, mkazi anayeomba hupata nafasi kwa takriban watu 4 katika kila 10, na wa nje ni kama mmoja kwa kumi. Hakuna namba inayokuingiza wala inayokuzuia. Faili husomwa zima zima. Kwa mtoto aliye wa 60 kati ya 500 katika shule ngumu ya Charlotte au Raleigh, tunaona mfumo huu una huruma kuliko wa Texas.

Kesi iliyoamuliwa Juni 2023 na kufuta kigezo cha rangi nchini kote ilihusu Harvard na chuo hikihiki. Haikukataza insha kueleza maisha. Miaka sita kambini Kakuma au Nyarugusu ni habari halali, mradi iandikwe kwa vitendo: nani alikuwa akichota maji, masomo yalifanyika saa ngapi, mtoto mwenyewe alibeba jukumu gani nyumbani.

Kinachowashtua wengi ni RDS, huduma ya jimbo inayoamua nani ni mkazi. Chuo hakiamui. Mwombaji hujaza mahojiano mtandaoni na kupewa namba ya uthibitisho, ambayo vyuo vyote vya umma huitumia. Wanataka ushahidi wa miezi 12 ya makazi ya kudumu: leseni ya udereva ya jimbo, usajili wa gari, kodi ya mapato. Kwa kijana anayetegemea wazazi, zinazochunguzwa ni karatasi za mzazi. Baba anayeishi Durham lakini gari lake bado lina namba za Ohio, na kodi aliijaza kwa anwani ya Ohio, atamfanya mwanawe aitwe mtu wa nje. Badilisha leseni na usajili mwezi uliohamia, maana saa huanza kuhesabiwa kwa vitendo hivyo.

Familia za North Carolina zenye kipato chini ya dola 80,000 husamehewa ada Chapel Hill. Texas, tangu vuli ya 2025, vyuo vya mfumo wa UT hufanya hivyo hadi dola 100,000.

Georgia kwa ufupi

Walioko Clarkston na vitongoji vya Atlanta wajue hili: Georgia Tech humpokea moja kwa moja anayemaliza wa kwanza au wa pili katika shule ya jimbo iliyosajiliwa yenye wahitimu 50 au zaidi. Wengine hupimwa kwa ujumla wao, SAT au ACT lazima, na wakazi wana dirisha lao la mapema hadi 15 Oktoba. Ada hulipwa na jimbo kwa ufadhili wa HOPE (GPA ya 3.0) au Zell Miller (3.7 pamoja na kiwango cha SAT au ACT). GPA hiyo huhesabiwa na jimbo bila kufuata ile ya shule, kwa hiyo tazama akaunti ya mtoto kwenye tovuti ya jimbo ya GAfutures kuanzia gredi ya 10.

Mtoto anayelelewa na mjomba

Kwetu ni kawaida: wazazi wako Mombasa au Bujumbura, mtoto yuko kwa mjomba au mama mdogo Dallas. Sheria za ukazi zinadhani kila mtoto anaishi na mzazi wake, na hapa majimbo yanatofautiana kuliko popote.

California ndiyo laini zaidi. Ukazi wa mtoto hufuata wa mzazi, lakini sheria ya AB 540 ya 2001 inamsamehe ada ya mgeni aliyesoma miaka mitatu katika shule za California na kumaliza huko, wazazi wawe popote. Haimhusu mwenye viza za muda kama F-1 (ya mwanafunzi).

Texas ina njia mbili. Moja ni makazi ya miezi 12 ya mzazi au mlezi aliyeteuliwa na mahakama. Barua ya mjomba yenye muhuri wa wakili haimfanyi kuwa mlezi wa kisheria. Nyingine ni mtoto mwenyewe kuishi jimboni miezi 36 kabla ya kumaliza sekondari hapohapo. Tangu amri ya mahakama ya Juni 2025, njia hii haiwahusu wasio na hadhi halali ya uhamiaji.

North Carolina inamtambua anayeishi na ndugu aliye mkazi kwa miaka mitano mfululizo, kama ndugu huyo amemlea kwa nafasi ya mzazi. Mitatu au minne haitoshi. Weka fomu za shule, kadi za kliniki na kodi zinazomtaja mtoto kama mtegemezi, tangu mwaka wa kwanza.

Aliyeshinda Green Card ya bahati nasibu asisubiri mwaka wa mwisho: mtoto akitua Julai kabla ya gredi ya 12, mwaka mmoja wa ukazi utakuwa wa kubanana sana na tarehe ya kuanza chuo, na California hutaka siku 366 kamili pamoja na ushahidi wa nia ya kubaki. Mwenye viza ya mwanafunzi ya F-1 hajengi ukazi hata akikaa miaka minne.

Kama bado una nafasi ya kuchagua jimbo

Mtoto yuko gredi ya 8, ni mtulivu, anapenda kuongoza darasa, na mtaa mnaoweza kuumudu una shule ya kawaida: Texas. Mtoto ni mzuri lakini shule yake imejaa wazuri: North Carolina, au Texas mkiwa tayari kwenda College Station. Mtoto amefika akiwa na miaka 16 au 17: California kupitia chuo cha jamii, bila kuona haya.

Kama mmeshatulia mahali, msihame. Kampasi ya pili au ya tatu ya jimbo lenu, yenye ada ya mkazi, ni bora kuliko chuo maarufu cha jimbo jingine kinachodai ada ya mgeni. UC peke yake huongeza zaidi ya dola 30,000 kwa mwaka juu ya ada ya kawaida, na misaada ya jimbo haimfikii mtu wa nje. Omba nyumbani kampasi nne au tano za viwango tofauti, kisha jaza FAFSA (fomu ya serikali kuu ya kuomba misaada ya masomo) mara tu inapofunguliwa, kwa kawaida Oktoba, kwa majina na tarehe za kuzaliwa zinazofanana herufi kwa herufi na zilizo kwenye kadi ya Social Security. Aliyeandikwa Juma Hamisi kwenye kadi na Hamisi Juma shuleni atasubiri wiki nyingi huku fungu la misaada likigawiwa wengine.